Koaksia, Cat6 au faiba, na zipite wapi ukutani?

Nyumba ikifika hatua ya lipu ndipo watu wanakumbuka kamera. Fundi umeme ameshapita, maboksi yake ya 3x3 yamekaa ukutani, fundi wa lipu anakoroga saruji, halafu mwenye nyumba anapiga simu: "Fundi, nataka kamera, intaneti vyumbani, intakomu ya geti, na TV sebuleni isioneshe waya. Ninunue waya gani?" Swali hilo lina jibu. Ila limeshikana na jingine ambalo wengi hawaliulizi: waya huo utapita wapi, na ukuta ni ule ule ambao umeme umeshauchukua?

Ninaposema volti ndogo nina maana ya mifumo inayotumia volti 12, 24 au 48: kamera, kengele ya wizi, intakomu, mtandao, TV, kufuli za umeme za milangoni. Upande wa pili kuna umeme wa TANESCO, volti 230, unaowasha taa, jiko na hita ya maji. Kwetu kuta ni za tofali la saruji la inchi 5 au 6. Hazina uwazi katikati wa kupitisha waya baadaye. Ukuta ukishapigwa lipu na rangi, kuufungua ni tindo, vumbi na pesa. Kwa hiyo mimi huamua bomba kwanza, waya unafuata. Waya uliokosea ndani ya bomba zuri unauvuta unautoa asubuhi moja. Waya mzuri uliofukiwa kwenye lipu bila bomba, siku ukikatika umekwenda na ukuta.

Nitalinganisha aina tatu za waya, kisha njia nne za kugawana ukuta.

Vigezo vya waya

Kila waya nitaupima kwa mambo matano: unafika umbali gani, unapelekaje umeme kwenye kifaa, unakula nafasi kiasi gani ndani ya bomba, unastahimilije radi na kelele za nyaya za umeme (bughudha inayovuruga picha na data), na je, fundi wa mtaani kwako anaweza kuurekebisha ukiharibika. Bei nitaigusa kwa kulinganisha tu, maana bei ya Kariakoo ya leo siyo ya mwezi ujao.

Koaksia pacha

Huu ndio "waya wa kamera" ambao watu wengi wanaujua: koaksia ya RG59, yaani uzi wa shaba katikati na ngao ya nyuzi kuuzunguka, iliyogandana na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Picha inapita kwenye koaksia, volti 12 zinapita pembeni.

Kwa umbali hauna shida. Kamera za analogi za siku hizi zinapeleka picha ya 1080p mita 200 na zaidi kama koaksia ni ya shaba. Umeme ndio unaochoka njiani. Niliwahi kuitwa na mzee mmoja Mbezi ambaye kamera yake ya geti ilikuwa safi mchana kutwa, ikifika saa moja jioni inazimika. Alishabadilisha kamera mara mbili. Nikapanda ngazi na mita yangu: volti 11.2 pale kwenye kamera, wakati kwenye chaja ni 12 kamili. Nikamwomba kijana wake aifunike kamera kwa kitambaa cheusi. Taa zake za kuonea gizani zikawaka, mita ikashuka chini ya 10, kamera ikazima, ikawaka, ikazima tena. Waya ulikuwa wa mita 60, wa milimita 0.5 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita 120 za shaba, sawa na omu 4 na kitu. Kamera ikivuta nusu ampia usiku, volti 2 zinapotelea njiani. Kamera za mzee hazikuwa na kosa lolote. Tulimvutia waya wa umeme mnene zaidi, yakaisha.

Ndani ya bomba waya huu ni mnene na mpana. Kwenye bomba la milimita 20 unapita mmoja kwa raha, wawili kwa kulazimisha. Kuhusu kelele, ngao yake inausaidia, lakini kamera ikigusa chuma cha geti na DVR (kisanduku kinachorekodi picha) ikiwa na ethi yake ndani, utaona mistari inayopanda polepole kwenye picha. Radi nayo ikipiga karibu, shaba hii inaileta moja kwa moja hadi kwenye DVR.

Ubora wake mkubwa ni mafundi. Kila mji una mtu wa kufunga BNC, vile vichwa vya koaksia, na vipuri viko hadi maduka ya wilayani. Unamfaa mwenye mfumo wa analogi unaofanya kazi, mwenye kamera nne hadi nane, asiyetarajia kuongeza kitu kingine kwenye nyaya hizo. Kumbuka tu kwamba koaksia ya dishi la TV siyo lazima iwe sawa na ya kamera: nyingi za RG6 zina chuma katikati kilichopakwa shaba. Isogezee sumaku. Ikinasa, iache ibaki kwenye dishi.

Cat6, na mdogo wake Cat5e

Huu ni waya wa mtandao, una jozi nne zilizosokotwa. Umbali wake una mpaka: mita 100 kwa jumla, yaani 90 ndani ya ukuta na 10 za vipande vya mwisho kwenye swichi (kisanduku kinachogawa mtandao) na kifaa. Ndani ya mita hizo Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde. Cat6 nayo hubeba hiyo hiyo mpaka mita 100, na inaweza kufikisha gigabiti 10 kama umbali hauzidi kama mita 55. Kwa nyumba ya kawaida hutaona tofauti leo. Kwa ukuta utakaokaa miaka 20 mimi naweka Cat6, kwa kuwa kazi ya kuchimba ni ile ile.

Umeme ndio unaoupa waya huu heshima. Kwa mpango wa PoE, swichi inapeleka umeme wa volti 48 hivi kwenye waya huo huo wa data. Kiwango cha kwanza, cha mwaka 2003, kinatoa wati 15.4 kwenye swichi. Kile cha 2009 kinatoa 30, na cha 2018 kinafika 90. Chukua kamera kama ile ya mzee, yenye wati 6: kwa volti 48 inavuta ampia 0.125 tu, na kwenye mita 60 za Cat6 ya shaba inapoteza kama nusu volti. Nusu volti kati ya 48 haigusi kitu. Tena ukiweka UPS (betri ya akiba) moja kwenye swichi, umeme ukikatika mtaa mzima kamera zote, intakomu na Wi-Fi vinaendelea. Hata kwenye koaksia unaweza kuweka betri kwenye chaja kubwa ya kamera, lakini rauta na intakomu zitataka zao.

Nafasi: Cat6 ina unene wa kama milimita 6. Kanuni ninayofuata ni kutojaza zaidi ya asilimia 40 ya uwazi wa bomba, ili waya uvutike bila kuchubuka. Hiyo ni Cat6 tatu kwenye bomba la 20, nne kwenye la 25. Cat5e ni nyembamba kidogo, zinaingia nne na sita. Usiukunje kwa pembe kali wala kuuvuta kwa nguvu za watu wawili. Jozi zikifumuka ndani ya ganda, kasi inashuka na hutajua kwa nini.

Kelele unazihimili kwa sababu ya ule msokoto, mradi usifumue zaidi ya sentimita 1.3 unapofunga soketi. Kwa radi ni shaba kama koaksia, na geti lililo mbali ni hatari ile ile. Mafundi wa kuifunga ni wengi, ingawa wa kuipima vizuri ni wachache. Kile kifaa cha taa nane kinakwambia nyaya zimeungana tu, hakikwambii kama kasi itafika.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma kwa niaba ya wateja. Maboksi mengi yanayouzwa kama Cat6 kwa bei ya kuvutia ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa nje huoni tofauti. Alumini inapitisha umeme kwa kama asilimia 60 ya shaba, hivyo PoE inapotea njiani na waya unapata joto. Tena ni dhaifu, unakatika ukiukunja mara chache kwenye soketi. Viwango vya kimataifa vya Cat5e na Cat6 haviutambui. Kabla hujalipa, omba kipande cha sentimita kumi. Menya ganda, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Shaba ukiikwangua inabaki nyekundu ndani. Ikitokea rangi ya fedha, rudisha. Ukiwa na mita ya omu pima boksi zima: unganisha nyaya mbili za jozi moja upande mmoja, pima upande wa pili. Boksi la mita 305 la shaba halipaswi kuzidi omu 57. La alumini litapita hapo kwa mbali.

Cat6 inamfaa anayejenga sasa, na mwenye ofisi au duka. Inamfaa pia asiyejua atafunga nini mwaka kesho, kwa sababu kamera, simu, Wi-Fi, intakomu, hata kamera za analogi kwa kutumia baluni (kiunganishi kati ya koaksia na jozi za Cat6), zote zinapita humo.

Faiba

Faiba ni uzi wa kioo unaopeleka data kwa mwanga. Umbali wake kwa mahitaji ya nyumba hauna mwisho. Kilomita nzima ni kazi ndogo kwake. Umeme haubebi kabisa, na hilo ni kosa lake na sifa yake. Kosa, kwa sababu mwisho wa faiba lazima pawe na soketi au betri ya kuwasha kifaa. Sifa, kwa sababu radi haina shaba ya kusafiria. Kanda ya Ziwa, ambako mvua huja na ngurumo karibu kila wiki ya msimu, ningeunganisha nyumba kubwa na nyumba ya uani kwa faiba hata kama ni mita 40 tu. Chagua ile isiyo na waya wa chuma ndani ya ganda, maana kwenye nyingine chuma hicho cha kuibeba nguzoni kinaweza kuingiza radi.

Nafasi inakula kidogo kuliko zote. Ile bapa inayoingizwa majumbani ina unene wa milimita 2 kwa 3. Kelele za umeme haizisikii. Tatizo ni fundi. Ikikatika inataka mashine ya kuunganishia ambayo si kila fundi anayo. Unaweza kununua iliyokwisha kufungwa vichwa, basi bomba liwe pana la kupitisha kichwa chenyewe, na kona ziwe za kupinda taratibu.

Inamfaa mwenye kiwanja kikubwa, majengo mawili au zaidi, au geti lililo zaidi ya mita 90 kutoka ndani. Ndani ya vyumba, nyumba nyingi hazina kazi nayo, isipokuwa kile kipande kinachotoka kwa mtoa huduma wa intaneti. Nacho kinastahili bomba lake toka barazani mpaka ilipo rauta. Nimeona faiba nyingi zikiingia kwa kutoboa fremu ya dirisha la nyumba mpya kabisa, kwa sababu hakuna aliyeifikiria wakati wa ujenzi.

Wengine wanauliza kuhusu kuacha waya kabisa, kamera za Wi-Fi. Zinafaa kwa nyumba ya kupanga, lakini bado zinataka soketi ya umeme karibu, na zege la nguzo na ukuta wa inchi 6 vinaila Wi-Fi. Ukitaka Wi-Fi nzuri ghorofani, unahitaji kifaa cha Wi-Fi kule juu chenye waya wa Cat6 nyuma yake.

Sasa ukuta

Vigezo vya ukuta ni vingine: usalama wa mtu, kelele kwenye picha na data, kina ambacho tofali linavumilia, na kama unaweza kurudi baadaye kuvuta waya mwingine bila kuvunja.

Kuhusu kina, kanuni ya Uingereza, ambayo mafundi wengi wa huku tumeirithi pamoja na soketi za pini tatu, inasema mfereji wa kusimama usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Tofali la inchi 6 ni milimita 150: unaruhusiwa 50 kwa kusimama, 25 tu kwa kulala. La inchi 5 ni 40 na 20 hivi. Maana yake bomba la milimita 25 lililolazwa kwenye ukuta wa inchi 5 limeshavuka kipimo. Usilichimbie hapo. Panda nalo juu ya rinta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, tembea darini, kisha shuka wima pale unapotaka. Na usiweke maboksi mawili yenye kina cha milimita 47 mgongo kwa mgongo, moja chumbani, jingine sebuleni: tofali la 125 linabaki na kama sentimita 3 katikati, na sauti zote zinapita.

Bomba moja na umeme

Kila mwezi nasikia: "Fundi, si upitishe humo humo tu?" Nami najibu, "Mama, humo kuna umeme wa jiko."

Naelewa kwa nini watu wanalipenda. Hakuna kuchimba, bomba lipo, kazi inaisha jioni. Kwa kina cha tofali ni bora kuliko njia zote. Lakini ganda la Cat6 au la waya wa kengele halikutengenezwa kuzuia volti 230. Panya akichubua, au waya wa jiko ukipata joto na ganda likalainika, umeme unaingia kwenye waya ambao mwisho wake ni kitufe cha intakomu getini, chini ya kidole cha mgeni. BS 7671, kanuni ya Uingereza ya ufungaji umeme, inaruhusu kuchanganya pale tu ambapo kila waya ndani ya bomba umeundwa kuhimili volti kubwa kuliko zote zilizomo, au pakiwa na kizuizi cha kutenganisha. Nyaya za dukani za mtandao hazifiki hapo. Kelele nazo ni nyingi, na kurudi baadaye ni kuvuta waya huku ukisugua waya wa umeme.

Anayefaidika na njia hii sijampata. Hata faiba, ambayo haipitishi umeme, siipitishi humo, kwa sababu atakayefungua boksi siku ya kuirekebisha atakuwa mtu wa intaneti, na mkono wake utakutana na skrubu zenye volti 230.

Mabomba mawili, mfereji mmoja

Unachimba mfereji mpana badala ya wa kina. Bomba la umeme upande mmoja, la volti ndogo upande mwingine, na kila moja lina boksi lake. Usalama ni mzuri, kwa kuwa kila bomba ni ukuta wake. Kina hakiongezeki. Kurudi baadaye ni rahisi. Kelele ni ndogo kama yanakwenda pamoja kwa mita mbili tatu za kushuka kwenye boksi. Kwa safari ndefu sambamba, hasa na waya wa jiko, AC au pampu, mimi nataka sentimita 20 kati yao, na pale njia zinapokutana zikatane kama msalaba.

Njia hii inawafaa wengi wanaojenga, mradi fundi umeme na fundi wa volti ndogo wakae pamoja kabla ya mfereji wa kwanza. Na kama ni boksi la 3x6 la pamoja, upande soketi, upande data, liwe lile lenye kigawanyo ndani. Bila kigawanyo, weka mawili ya 3x3 pembeni kwa pembeni.

Mifereji iliyoachana

Umeme unashuka kona hii, volti ndogo kona ile, au umeme unapita chini na data inapita darini. Kwa kelele na usalama hakuna inayozidi hii. Kurudi ni rahisi mno kama una dari la jipsamu lenye mlango mdogo wa kupandia. Udhaifu wake ni kazi mara mbili na maboksi yaliyotawanyika, TV hapa na soketi yake kule, hivyo unaishia kuona waya ukining'inia. Inafaa ofisi, zahanati, hoteli na nyumba zenye nyaya nyingi zinazokusanyika kwenye kabati moja.

Darini kuna panya. Hata huko, waya uwe ndani ya bomba.

Mifumo miwili haina hiari, lazima iachane na wengine. Kengele ya moto ipite njia yake na waya wake unaostahimili moto, kwa sababu inatakiwa ifanye kazi wakati nyingine zinaungua. Na waya unaotoka kwenye mashine ya fensi ya umeme una mapigo ya maelfu ya volti. Usiuweke na kamera hata kama vyote vinaelekea ukuta ule ule wa uzio.

Tranking juu ya ukuta

Mfereji wa plastiki unaogongwa juu ya rangi. Kina ni sifuri, kurudi ni kufungua kifuniko tu. Usalama ni mzuri ukichukua ile yenye vyumba viwili, umeme chumba chake, data chumba chake. Ile nyembamba ya chumba kimoja iachie volti ndogo peke yake. Gundi ya mgongoni pekee haitoshi kwa joto la pwani, ongeza skrubu. Macho ndiyo hayaifurahii, lakini ukifuata mstari wa dari au juu ya ubao wa sakafu na kuipaka rangi ya ukuta, wageni wengi hawaioni.

Inamfaa mpangaji, mwenye duka linalobadilika mara kwa mara, na mwenye nyumba ya zamani. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Lamu, vilivyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000 na 2001, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Tindo pale linang'oa kipande kikubwa kuliko ulichokusudia, na ukarabati una taratibu zake. Nyumba hizo zina zawadi moja: boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya juu. Tranking nyembamba ikipita ubavuni mwa boriti, ikapakwa rangi ya boriti, inapotea kabisa.

Ukuta wa TV

Pahali pamoja ambapo kila mtu anagombea nafasi ni nyuma ya TV. Panahitajika soketi mbili za umeme, Cat6 mbili, koaksia ya dishi, na HDMI kutoka kwenye kisimbuzi kilicho kabatini chini. Kichwa cha HDMI ni kipana, na kwenye bomba la milimita 25 lenye kona hakipiti. Nimeona mtu akikata kichwa ili waya upite, halafu akakosa wa kukifunga tena.

Weka bomba la PVC la inchi 2, lililonyooka, bila kona hata moja, toka nyuma ya TV mpaka kabatini. Hilo ni la volti ndogo tu. Linapita theluthi ya unene kwenye tofali la inchi 5, kwa hiyo lisimamishwe wakati ukuta unajengwa, au lifichwe nyuma ya ubao wa mapambo. Umeme ushuke kwenye bomba lake kwa pembeni, boksi lake likae sentimita 10 au 15 kando. Ndani ya kila bomba tupu acha uzi wa kuvutia uliofungwa msumari huku na huku. Kabla ya lipu, nyoosha futi ukutani na upige picha kila upande, futi ionekane. Picha hizo zikae kwa mwenye nyumba, maana ndizo zitakazomwambia mtu wa mapazia asitoboe wapi.

Kwa hali yako

Kama unajenga na lipu bado, weka bomba la 25 la volti ndogo kila chumba, likutane pahali pamoja penye soketi na hewa, na vuta Cat6 ya shaba angalau mbili mbili, moja ya sasa, moja ya akiba. Mabomba mawili kwenye mfereji mmoja yanatosha. Pesa ikipungua, punguza nyaya, usipunguze mabomba.

Kama nyumba imeshapakwa rangi na una dari, tembea darini na Cat6, shuka kwa tranking fupi au kwa nje chini ya paa. Huko nje tumia ile yenye ganda jeusi la kuhimili jua.

Kama una koaksia ndani ya ukuta na inafanya kazi, ibaki. Badilisha DVR na kamera uongeze ubora wa picha kwa waya ule ule, na ukague volti mwisho wa waya mrefu kuliko zote, usiku, taa za kamera zikiwa zimewaka.

Kama umepanga, kamera mbili za Wi-Fi na tranking nyembamba unayoweza kuing'oa siku ya kuhama.

Kama geti liko mbali au una majengo mawili, faiba kati yao, na umeme wa upande wa pili upelekwe kwa waya wake na fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hiyo inatoka EWURA, Kenya inatoka EPRA, mamlaka zinazosimamia nishati. Ukilazimika kutumia shaba, weka kinga ya radi pande zote mbili na ethi ya kweli, nondo iliyozama ardhini.

Na kama fundi umeme bado yuko kazini leo, mpigie umwambie asizibe mfereji wa sebuleni mpaka kesho. Bomba moja la ziada kabla ya saruji ni kazi ya saa moja.